Kitanda Usichokilalia: Makimbilio ya London, 1939–1945

Tangu kale mji ulikingwa kwa boma. Adui alikuja kwa miguu au kwa jahazi, akazuiliwa langoni, na kila aliyekuwa ndani ya ukuta alikuwa salama maadamu ukuta ulisimama. Ndege ilipoingia katika vita, boma lilipoteza maana yake. Adui alipita juu ya ukuta, juu ya mto na juu ya jeshi, akamfikia mama jikoni na mtoto shuleni. Tarehe 13 Juni, 1917, ndege za Kijerumani ziliangusha mabomu mjini London mchana kweupe, zikaua watu 162, na miongoni mwao walikuwamo watoto 18 wa shule moja ya mtaa wa Poplar. Tangu siku ile habari ya kimbilio, yaani mahali pa kujisetiri na mabomu, ikawa swali la dola: ni nani atakayekingwa, kwa kitu gani, na kwa gharama ya nani?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Habari za makimbilio ya London katika Vita Kuu ya Pili zaweza kusomwa kama ushahidi mrefu wa methali hiyo. Waliochora makimbilio walikuwa watu wenye elimu, na hesabu zao za unene wa ukuta na uzito wa kifusi aghalabu hazikuwa mbaya. Lakini kimbilio ni zaidi ya ukuta. Ni mahali ambapo mtu hula, hulala, huenda haja, hunyonyesha, huogopa na hungoja. Mambo hayo hayakuwamo katika michoro ya kwanza. Yaliingizwa baadaye na wale waliolala humo, na baadhi yao waliyalipia kwa maisha yao.

Katika miaka ya 1930 watawala wa Uingereza waliamini kwamba ndege ya mabomu haizuiliki. Stanley Baldwin alilisema jambo hilo waziwazi Bungeni mwaka 1932, na kuteketezwa kwa Guernica mwaka 1937, na kupigwa kwa Barcelona mwaka 1938, kulionekana kuyathibitisha maneno yake. Wataalamu wa serikali walikisia kwamba katika siku 60 za kwanza za vita watu 600,000 wangeuawa. Makisio hayo yalikuwa makubwa mno, kwani katika vita vizima raia waliouawa na mashambulizi ya anga nchini Uingereza walikuwa yapata 60,000. Walakini dola huongozwa na hofu yake kama inavyoongozwa na hesabu yake, na hofu ya serikali ilikuwa ya namna mbili. Iliogopa mabomu ya adui, na iliogopa mioyo ya watu wake. Ilidhaniwa kwamba raia, hasa maskini wa mitaa ya mashariki, wakishuka pamoja katika shimo refu lenye usalama, watakataa kutoka. Kazi zitalala, viwanda vitanyamaza, na vita vitapotea chini ya ardhi kabla ya kupotea juu yake.

Kwa hiyo ilichaguliwa siasa ya kuwatawanya watu: kila jamaa wakae kwao, ili bomu moja lisiue wengi. Siasa hiyo ilikuwa na mantiki yake, lakini haikukosa wapinzani. J. B. S. Haldane, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyekuwa amekwenda Hispania wakati wa vita vya huko, alitoa kitabu mwaka 1938 akidai mahandaki marefu kwa watu wote. Katika mtaa wa Finsbury, halmashauri iliwaita wasanifu wa kampuni ya Tecton pamoja na mhandisi Ove Arup. Mwaka 1939 wakatoa michoro ya makimbilio makubwa ya zege yaliyozama ardhini, yenye njia ya mteremko iliyozunguka kama gamba la konokono badala ya ngazi, ili umati uweze kushuka upesi bila kukanyagana. Mteremko huo badala ya ngazi wafaa ukumbukwe, kwa maana habari yake itarudi.

Serikali iliunda baraza chini ya Lord Hailey, yule aliyekuwa gavana katika Bara Hindi na ambaye mwaka 1938 alitoa uchunguzi wake mkubwa juu ya Afrika. Mwaka 1939 baraza hilo liliiunga mkono serikali: mahandaki marefu yasijengwe, kwani yangekula muda, fedha na vifaa vingi mno, na watu wengi wasingeyafikia kwa wakati. Mpango wa Finsbury ukawekwa kando. 

Chombo cha siasa ya kutawanya kilikuwa kibanda cha mabati kilichoitwa Anderson, kwa jina la Sir John Anderson, waziri aliyeshika mambo ya kinga ya raia. Kilifanywa kwa vipande vya bati la chuma la migongomigongo, vilivyopindwa na kuungwa kwa parafujo juu, mfano wa tumbo la mashua iliyopinduliwa. Urefu wake ulikuwa futi 6 na nusu, upana futi 4 na nusu, na kimo futi 6. Kilichimbiwa ardhini futi 4 hivi, kikafunikwa udongo usiopungua inchi 15, na watu 6 walitarajiwa kukaa humo. Wenye kipato kisichofikia pauni 250 kwa mwaka walipewa bure; wengine walikinunua kwa pauni 7. Vya kwanza vilipelekwa Islington mwezi wa Februari 1939, na vita vilipoanza Septemba ya mwaka huo vilikuwa vimekwisha gawanywa yapata milioni moja na nusu.

Kama kinga, kibanda hicho kilikuwa kazi njema. Bati lililopindika na udongo uliolizunguka viliupokea mshindo wa bomu na kuuvunja nguvu, hata nyumba ikaanguka na waliokuwa bustanini wakatoka hai. Kama malazi, kilikuwa kisima. Maji ya ardhi yalipanda, mvua iliingia mlangoni, na asubuhi nyingi mwenye nyumba alianza siku kwa kuchota maji kwa ndoo kabla hajachota ya chai. Baridi yake ilipenya mifupa, na mabati hayakuzuia sauti hata kidogo. Hata hivyo watu walikitawala kibanda chao. Walitandika mbao, wakatengeneza vitanda vya kupandana, wakawasha mshumaa chini ya chungu cha maua ili wapate ujoto kidogo, na juu ya paa la udongo wakapanda mboga. Serikali ilikuwa imetoa chuma. Nyumba waliifanya wenyewe.

Lakini kibanda cha bustanini kilitaka bustani. Katika mitaa ya Stepney na Bethnal Green, jamaa wengi waliishi chumba kimoja au viwili katika majumba yaliyosongamana, na kiwanja chao kilikuwa barabara. Kwa ajili yao yalijengwa makimbilio ya matofali kando ya njia, yenye kuta nene na paa la bamba la zege. Mwaka 1940 saruji ilipoadimika, maagizo ya serikali yalieleweka vibaya, na mengine yakajengwa kwa chokaa tupu. Mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki ajuaye kuta za mawe na chokaa anafahamu kwamba ukuta huo hudumu miaka mingi ukibeba uzito wake kwa utulivu. Lakini haukuumbwa kwa kutikiswa. Bomu lilipoanguka karibu, kuta zilisukumwa nje, na paa lote la zege likawashukia waliokuwa ndani. Habari zikaenea mtaa kwa mtaa, na tangu hapo watu wengi waliyapita makimbilio hayo bila kuyatazama, wakaenda kutafuta mahali pengine.

Kisha yakaja mashambulizi yenyewe. Alasiri ya tarehe 7 Septemba, 1940, ndege za Kijerumani zilizipiga gati za mashariki ya London, zikarudi usiku kwa mwanga wa moto ule ule, na mji ukapigwa usiku 57 mfululizo. Hapo likadhihirika kosa kubwa la wabunifu. Walikuwa wametazamia mashambulizi ya mchana, makali lakini mafupi. Kimbilio lingekuwa mahali pa kuketi kwa saa moja au mbili. Benchi lilitosha, na ndoo nyuma ya pazia ilitosha kuwa choo. Sasa king'ora kililia magharibi, na king'ora cha salama hakikusikika hadi alfajiri. Watu walihitaji kulala, maana asubuhi walikwenda kazini, na hapakuwa na pa kulala.

Watu hawakungoja kuelezwa la kufanya. Chini ya mji ilikuwako reli ya umeme, na stesheni zake nyingi zilikuwa na kina kirefu. Serikali ilikuwa imekataza zisitumiwe kama makimbilio, kwa sababu treni zilihitajiwa na kwa hofu ile ile ya umati usiotaka kutoka. Watu walinunua tikiti ya peni moja na nusu, wakashuka na blanketi na watoto wao, na hawakupanda treni. Mlango ulipofungwa, walisimama mbele yake mpaka ukafunguliwa. Katika siku chache serikali iliacha kukataza ilichoshindwa kukizuia, na usiku wa tarehe 27 Septemba walihesabiwa watu 177,000 waliolala katika stesheni hizo.

Mwanzoni hali ilikuwa ya kusikitisha. Watu walilala juu ya sakafu, juu ya ngazi, hata kati ya vyuma vya reli pale umeme ulipokatwa. Hewa ilikuwa nzito, vyoo vilikuwa vichache au havikuwapo, na mbu walizaana katika maji yaliyotuama mashimoni, hata Waingereza waliokuwa wakidhani mbu ni adui wa nchi za joto waliamka asubuhi wamevimba. Lakini utaratibu ulizaliwa mapema. Juu ya jukwaa ilichorwa mistari miwili myeupe, mmoja futi 8 kutoka ukingoni na mwingine futi 4. Hadi saa 1:30 usiku waliokuja kulala walikaa nyuma ya mstari wa kwanza, ili abiria wapite. Kisha wakasogea hadi wa pili. Na treni zilipokoma, kama saa 4:30, jukwaa zima likawa lao. Baada ya muda viliwekwa vitanda vya chuma vya kupandana, na kila aliyelala mara kwa mara alipewa tikiti ya nafasi yake. Vyoo vilitengenezwa ambavyo uchafu wake ulisukumwa juu kwa nguvu ya hewa. Treni maalumu zilipita na tani 7 hivi za chakula kwa usiku mmoja, zikiuza chai na maandazi. Katika stesheni ya Bethnal Green, ambayo ujenzi wake ulikuwa haujakamilika, viliwekwa vitanda 5,000, ukumbi wa michezo, na maktaba iliyokuwa na vitabu 4,000. Mchoraji Henry Moore alipita katika mashimo hayo na kuchora watu waliolala wamejipanga kama viunzi vya mashua, na picha zake zimebaki kuwa kumbukumbu ya usiku ule.

Usalama wenyewe haukuwa kamili. Tarehe 14 Oktoba, 1940, bomu lilitoboa barabara juu ya stesheni ya Balham. Mabomba ya maji yakapasuka, na zaidi ya watu 60 wakafa chini kwa kifusi, matope na maji. Tarehe 11 Januari, 1941, stesheni ya Bank ilipigwa na zaidi ya watu 50 wakauawa. Hata hivyo watu waliendelea kushuka. Walichokitafuta hakikuwa kina cha ardhi tu: walitafuta usingizi mbali na sauti ya mabomu, na walitafuta kuwa pamoja na watu wengine.

Penye umaskini mwingi ndipo palipoonekana wazi tofauti za kinga. Huko Stepney ghala kubwa la reli, lililojulikana kwa jina la Tilbury, lilijaa watu waliokisiwa kufika 14,000 kwa usiku mmoja: Wayahudi, Waairishi, mabaharia Wahindi na watu weusi, wote pamoja kati ya shehena za chakula, na vyoo vya kuhesabika. Wakati huo huo hoteli ya Savoy ilikuwa na kimbilio chini ya jengo lake, lenye vitanda na mashuka kwa wageni. Usiku wa tarehe 14 Septemba, 1940, Phil Piratin, diwani wa Chama cha Kikomunisti katika Stepney, aliongoza kundi la watu wa mtaa wake, wakiwamo wanawake na watoto, wakaingia hotelini na kudai nafasi. King'ora cha salama kililia mapema, wakaondoka. Walikaa muda mfupi, lakini swali walilolileta halikuondoka nao, na magazeti ya siku zilizofuata yalilieneza.

Watu wale wale walioogopwa kwamba watapotewa na akili chini ya ardhi waliunda serikali zao ndogo. Katika ghala la Spitalfields, mtengeneza miwani mmoja aitwaye Mickey Davies, mtu wa kimo kifupi sana, alichaguliwa kuongoza kamati ya wakimbizi wa mabomu. Kamati yake iligawa zamu za kufagia, ikatenga mahali pa wagonjwa, ikafungua mkahawa, na faida ya mkahawa ikanunua maziwa ya watoto. Serikali nayo ilijifunza. Tume ya Lord Horder, tabibu mashuhuri, ilichunguza siha ya makimbilio mnamo Septemba 1940, ikashauri vitanda, mahali pa matibabu, na kupunguza msongamano. Na mengi katika hayo yalitimizwa. Wauguzi walianza kuzunguka wakitazama upele, chawa na vikohozi, mambo ambayo hakuna mhandisi aliyekuwa ameyatia katika hesabu yake.

Mwezi wa Novemba 1940 watu wa London ya kati walihesabiwa kwa mahali walipolala. Ilionekana kwamba asilimia 4 walikuwa katika reli ya chini, asilimia 9 katika makimbilio mengine ya umma, na asilimia 27 katika makimbilio ya nyumbani. Waliosalia, yaani walio wengi, walilala majumbani mwao, vitandani, chini ya ngazi au kazini. Hesabu hiyo ilibatilisha dhana ya kwamba watu wote wangezama ardhini wasitoke. Pia ilionyesha kwamba kinga iliyohitajiwa ni ile itakayomfuata mtu chumbani mwake.

Jibu lilikuwa kimbilio la Morrison, lililotolewa kuanzia Machi 1941, na kuitwa kwa jina la Herbert Morrison aliyemfuata Anderson katika wizara. Lilikuwa meza ya chuma, urefu futi 6 na nusu, upana futi 4, kimo futi 2 na nusu, yenye wavu wa waya pande zote. Mchana jamaa walilia chakula juu yake, na usiku wakalala ndani yake. Mhandisi John Baker, aliyelibuni, hakukusudia chuma kisichopindika. Aliacha meza ibonyee kidogo nyumba inapoanguka, ili nguvu ya kifusi imalizikie katika chuma isiwafikie waliolala. Zilipochunguzwa nyumba 44 zilizobomoka vibaya, katika watu 136 waliokuwa ndani ya meza hizo walikuwa wamekufa 3 tu. Kwa mara ya kwanza mbunifu alikuwa ameanza na jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya kwa kweli, yaani kulala nyumbani, akalijengea kinga.

Ingalikuwa vizuri kama somo hilo lingalifika kila mahali. Halikufika katika ngazi za Bethnal Green. Kimbilio lile lilikuwa na mlango mmoja, na ngazi 19 zilizoshuka gizani, bila mikono ya kushikia katikati, zikimulikwa na taa hafifu moja. Mnamo Agosti 1941 halmashauri ya mtaa iliomba kibali cha kuuimarisha mlango huo, ikieleza kwamba uzio wa mbao uliokuwapo usingeuhimili msukumo wa umati. Wakuu wa kinga ya raia walikataa, wakiona ni kupoteza fedha.

Jioni ya tarehe 3 Machi, 1943, king'ora kililia saa 2:17 usiku. Berlin ilikuwa imepigwa siku mbili nyuma, na watu walitazamia kisasi. Walishuka kwa utaratibu, hadi mizinga ya roketi ya namna mpya ilipofyatuliwa katika bustani ya Victoria Park iliyo jirani, kwa ngurumo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Watu walisogea kwa haraka. Karibu na ngazi ya chini mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto alianguka. Aliyemfuata akamwangukia, na nyuma yao wengine, wasiojua lililotokea mbele, wakaendelea kushuka. Katika muda usiozidi robo dakika yapata watu 300 walikuwa wamesongamana katika shimo lile jembamba. Walikufa watu 173: wanaume 27, wanawake 84 na watoto 62. Hakuna bomu hata moja lililoanguka mtaani usiku ule.

Hakimu Laurence Dunne alichunguza haraka, lakini taarifa yake ilifungiwa hadi Januari 1945. Halmashauri, iliyokuwa imeomba na kukataliwa, ilitakiwa kunyamaza huku wenyeji wakiilaumu. Vyuma vya kushikia na taa viliwekwa baada ya maziko. Hapo ndipo hukumbukwa michoro ya Finsbury ya mwaka 1939, na ule mteremko wa konokono uliobuniwa ili watu wasikanyagane. Hakuna awezaye kuapa kwamba michoro ile ingaliokoa watu wa mtaa mwingine. Lakini yathibitisha kwamba hatari ilijulikana na ilikuwa na dawa miaka minne kabla.

Mwishowe serikali ilichimba hata yale mahandaki marefu iliyoyakataa. Manane yalikamilishwa mwaka 1942 chini ya stesheni za reli, kila moja kwa watu 8,000, lakini umma haukuruhusiwa kuingia hadi 1944, mji ulipopigwa na mabomu yenye mbawa yasiyo na rubani. Na hata hapo yalifunguliwa matano tu. Mwaka 1948, amani ikiwa imerudi, handaki la Clapham South liliwapokea zaidi ya watu 200 waliowasili kutoka Jamaica katika meli ya Empire Windrush na hawakuwa na pa kulala. Watu waliokuja kuijenga upya nchi iliyobomolewa walianza maisha yao ndani ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya kubomolewa kwake.

Zege ya mahandaki hayo ingaliko, na vibanda vingi vya Anderson viligeuzwa kuwa stoo za majembe. Kinachostahili kuhifadhiwa zaidi ni hukumu iliyotolewa na walalaji. Serikali ya Uingereza iliwapima watu wake kabla ya vita ikawaona wepesi wa kuvunjika moyo. Watu hao walipoachwa wajipange, walifagia, wakachagua wakuu, wakagawana maziwa na vitabu, na asubuhi wakapanda kwenda kazini. Waliokufa pale Bethnal Green hawakufa kwa sababu walikuwa wengi au kwa sababu walikuwa na woga. Walikufa katika ngazi ambayo wenyeji waliijua hatari yake, wakaisema, na wasisikilizwe na watu ambao hawakuwa na haja ya kuishuka.